Mnorwei wa Darasa la Saba

Kabla sijawa Mperu nilikuwa mshika muhuri wa shule ya msingi, na nilikuwa mwaminifu kwa serikali kuliko hata serikali yenyewe. Nasema haya mapema msije mkanihesabu miongoni mwa wakorofi. Mimi sina ugomvi na mtu. Naeleza tu yaliyotokea, na mkiona hasira humu ndani, basi ni yenu, mmekuja nayo.

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana. Siwezi kuwatajia. Kwetu jina la nchi halitajwi wala haliandikwi bila kibali, na kibali huombwa siku kumi na nne kabla, kwa fomu tatu, katika ofisi ya Kamishna wa Chimbuko. Wakubwa waliona kwamba jina likitajwatajwa ovyo sokoni na vilabuni litachakaa. Kwa hiyo sisi tunasema "hapa" au "kwetu", na tumeelewana hivyo miaka mingi.

Jina likitajwa, kila raia anasimama wima, mikono mapajani, mdomo kimya, macho mbele, na hasogei mpaka yule aliyelitaja aseme "Kaeni." Yeye peke yake. Waziri mmoja alilitaja uwanjani siku ya sherehe, akapaliwa na karanga papo hapo. Akatoka kwa miguu yake mwenyewe kwenda hospitali, maana yeye tu ndiye aliyeruhusiwa kusogea. Watu elfu sita tulimsubiri pale mpaka kesho yake mchana. Wageni hawahusiki na sheria hiyo. Balozi mmoja alikaa kwenye kiti chake muda wote huo, anamenya machungwa na kututazama.

Jambo la pili mlijue: kwetu muhuri haubishaniwi. Kilichogongwa muhuri ni kweli. Niliwahi kuigonga kwa bahati mbaya barua iliyosema kisima cha shule kina maji. Mpaka leo wakaguzi wanakuja, wanachungulia shimo kavu, wanasoma barua, wanaandika "maji ni mazuri", wanaondoka na kiu yao.

Sasa twende kwa huyo mwalimu.

Alikuja mwaka juzi kufundisha Kiingereza. Bahati Tindwa, mwanamke mwembamba, mwenye maneno. Siku ya kwanza nilimwomba alete fimbo yake niigonge muhuri kama walimu wenzake, akaniambia hana.

"Unafundishaje bila fimbo?"

"Kwa mdomo, mzee wangu. Na michezo."

Michezo! Nikamtazama, nikajua huyu atatuletea balaa. Kwetu Kiingereza hufundishwa kwa kuimba orodha. Watoto huimba majina ya nchi za dunia kuanzia saa mbili mpaka saa nne, wamefumba macho, na akikosea mmoja wanachapwa safu nzima. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mimi, na sijui neno hata moja.

Lakini lazima nieleze habari ya swali la arobaini. Katika mtihani wa taifa wa darasa la saba, karatasi ya Kiingereza, swali la arobaini linamtaka mtoto aandike sentensi mbili: anatoka nchi gani, na yeye ni mtu wa taifa gani. Alama kumi. Kila mwaka watoto wa nchi nzima wanaliacha wazi. Wataandikaje, na hawana kibali? Na kila mwaka Wizara inatoa tamko la masikitiko kwamba watoto wetu ni wazito wa lugha.

Asiyefaulu mtihani huo anapelekwa Shamba la Taifa kukata mkonge. Asiyeufanya kabisa anapelekwa siku hiyo hiyo. Binti yangu mkubwa, Zena, aliumwa homa siku ya mtihani. Miaka sita sasa yuko huko. Anaruhusiwa kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, na safari iliyopita nilimpa kikombe cha chai akakishika kwa viganja viwili, maana vidole havikunjiki tena. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Mdogo wake anaitwa Sihaba. Mwaka huo alikuwa darasa la saba. Hadithi yote hii ni yake, mimi ni mpiga domo tu.

*

Zikiwa zimebaki siku tatu mtihani ufanyike, Mwalimu Tindwa aliingia ofisini kwangu na kikapu cha kadi. Alikuwa amezikata kwenye maboksi ya sabuni. Waraka unasema karatasi isiingie darasani bila muhuri, naye kwa hilo alikuwa mtiifu.

"Nigongee hizi, Mzee Ngoloke. Ziko arobaini na sita."

Nikazisoma, yaani nikamwambia anisomee. Kila kadi ilikuwa na sentensi mbili za Kiingereza. Mimi natoka Brazili, mimi ni Mbrazili. Mimi natoka Japani, mimi ni Mjapani. Uturuki, Uswisi, Peru, Ufini, nchi baada ya nchi.

"Mbona ya kwetu haimo?"

"Umeniletea kibali?"

Nikafungua kidau cha wino, nikaanza kazi. Kadi arobaini na sita, na muhuri haukupinda hata kwenye moja. Muhuri wa shule yetu una nembo ya taifa katikati, na chini yake neno moja: IMETHIBITISHWA. Nilijivunia sana siku ile. Hebu fikirini mtu anayejivunia kitanzi alichokisuka mwenyewe.

Mchezo wenyewe niliutazama dirishani. Kila mtoto alichomoa kadi kikapuni, akaibandika kifuani kwa pini, kisha wakaanza kuzunguka wakiulizana kwa Kiingereza: unatoka wapi, wewe ni mtu wa taifa gani? Aliyempata mwenzake wa bara moja alimshika mkono, wakaenda pamoja kutafuta wa tatu. Waliochelewa waliimba. Mwalimu naye alichomoa, akawa Mfini. Kadi moja ya Peru ilibaki kikapuni.

Watoto wale kwa miaka saba nilikuwa nawasikia wakilia tu. Siku ile walikuwa wanacheka kwa Kiingereza. Sihaba alinikuta dirishani, akanionyesha kifua chake.

"Baba, mimi natoka Norwei."

"Hongera mama," nikamwambia.

Ndipo gari la Kamishna likaingia.

*

Mheshimiwa Dokta Lusungu Mapambano, Kamishna wa Chimbuko, alikuwa amekuja kuhakiki watahiniwa. Ni mtu mnene, mwenye jongo katika mguu wa kulia, na mwenye sauti ya kuagiza hata anaposalimia. Nyuma yake askari wawili. Mbele yake Mwalimu Mkuu wetu, Kidawalo, anarudi kinyumenyume huku akiinama, kama anafagia.

Mheshimiwa akaingia darasani, akasoma kifua cha kwanza. Akasoma cha pili. Akavaa miwani. Akasoma vyote arobaini na vinne, na cha mwalimu cha arobaini na tano, kisha akaomba kiti.

"Nimeingia humu nikiwa nyumbani," akasema, "nimejikuta ughaibuni. Wajapani wawili. Waturuki watatu. Mbrazili mmoja, kamasi zinamtoka. Mwalimu Mkuu, tangu lini umevamiwa?"

"Mheshimiwa, ni mchezo wa Kiingereza," Mwalimu Tindwa akajibu. "Wanajifunza majina ya nchi na watu wake."

"Mchezo haugongwi muhuri."

"Kila kitu hapa kinagongwa muhuri, Mheshimiwa. Hata chaki."

"Ndiyo maana chaki ni chaki," akasema Kamishna, na askari wakatikisa kichwa kwa kuelimika. "Kwa mamlaka niliyopewa, na ambayo sijanyang'anywa, natamka kwamba darasa hili halina raia. Mtihani wa taifa ni wa raia. Nafuta majina yote."

Akatoa kalamu nyekundu. Akafuta orodha nzima kwa mstari mmoja kutoka juu mpaka chini, na mstari ukapita juu ya mwanangu.

Niliingia darasani bila hodi. "Mheshimiwa, huyu hapa ni binti yangu."

"Umemzaa Norwei?"

"Nimemzaa hapa. Hospitali ya wilaya, wodi namba tatu. Mvua ilikuwa inavuja kitandani."

"Muhuri huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Umeghushi?"

Jamani, nijibu nini? Nikisema nimeghushi, kamba shingoni. Nikisema sikughushi, mwanangu ni Mnorwei. Nikasema sikughushi.

"Basi usinichoshe," akasema. "Serikali yetu ni ya ukarimu. Wageni hawa watalala majumbani mwenu siku tatu kama wageni wa taifa. Siku ya mtihani tutawafanyia hafla ya kuwaaga, kisha basi litawarejesha kwao."

"Kwao wapi?" Mwalimu Tindwa akauliza. "Brazili kwa basi?"

"Mpaka mafuta yatakapoishia," akasema Kamishna.

*

Nilimfuata mwalimu ukumbini nikiwa nimewaka. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii, kwamba michezo yake imeniulia mtoto, kwamba angekuwa na fimbo haya yote yasingetokea. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza, mzee wangu? Kadi nilikata mimi. Nani alizigonga?"

Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli.

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi ya Kamishna kuomba kibali cha kuandika jina la nchi kwenye kadi moja tu, nimgongee Sihaba muhuri upya. Nilipewa fomu tatu. Ya kwanza ilitaka siku kumi na nne, nami nilikuwa na mbili. Ya pili ilimtaka mwenye kadi awe raia. Ya tatu ilimtaka mwombaji aeleze uhusiano wake na mataifa ya nje.

"Andika hapo," karani akaniambia, "baba wa Mnorwei."

"Mimi?"

"Kwani ni mimi?"

Nikaziacha fomu pale. Nyumbani Sihaba alikuwa ameketi mlangoni na daftari, anaendelea kusoma. Kadi ilikuwa bado kifuani, kwa kuwa kuvua kitu chenye muhuri ni kosa.

"Unasoma nini na mtihani hufanyi?"

"Labda watabadilisha mawazo, baba." Kisha akaniuliza kama Norwei wanalima mkonge. Nikamwambia sijui. Akasema basi huenda siyo kubaya. Nilikaa karibu naye na nikashindwa kumtazama, kwa sababu nilikuwa naviona vidole vya Zena kwenye mikono yake.

*

Siku ya mtihani ukumbi wa shule ulijaa. Mbele kulikuwa na madawati arobaini na manne, matupu, na juu ya kila dawati karatasi ya mtihani na penseli. Sheria inataka bahasha ifunguliwe saa tatu kamili, kuwe na watahiniwa au kusiwe, na msimamizi akae saa tatu nzima akilinda madawati yasiibie. Nyuma, kwenye mabenchi ya wageni, walikaa watoto wetu na mwalimu wao, kila mmoja na soda na biskuti mbili. Katikati, kati ya madawati na mabenchi hayo, tulikaa sisi raia: wazazi, askari, Mwalimu Mkuu, wakubwa wa wilaya. Nje basi lilikuwa linanguruma.

Kamishna akapanda jukwaani, akahutubia.

"Ndugu wageni, hatuna chuki nanyi. Mlikula ugali wetu, hatukuhesabu matonge. Mlisoma chini ya paa letu, na palipokosekana paa, mlisoma chini ya anga letu. Sasa rudini makwenu mkaseme jinsi tulivyo wakarimu." Wakubwa wakapiga makofi. "Tutaanza na Mnorwei. Simama, mtoto. Mtazameni huyu, wananchi. Mtazameni vizuri. Huyu hajawahi kuwa wa hapa, hata siku moja."

Sihaba alisimama na soda yake mkononi. Hakulia; alikuwa anaziangalia karatasi za mtihani kule mbele.

Sikupanga. Wallahi sikupanga. Nilikuwa mtu wa wino na kidau. Lakini nilijikuta nimesimama juu ya kiti changu, nikalitaja jina la nchi. Bila kibali. Kwa sauti, lote, mpaka silabi ya mwisho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema, na ni jina tamu mdomoni, kwa kweli.

Ukumbi mzima ukasimama. Wazazi wima. Askari wima, mikono mapajani, mbali na bunduki. Mwalimu Mkuu wima, biskuti imebana kati ya meno. Msimamizi wa mtihani wima. Mheshimiwa Kamishna wima, kwa mguu wa jongo, mdomo kimya, macho mbele.

Kisha nikamsikia Sihaba kule nyuma.

"Mwalimu, na sisi tusimame tuli?"

Mwalimu Tindwa aliweka soda yake chini taratibu. Alinitazama, nikamtazama.

"Nyinyi ni wageni," akasema. "Sheria hii haiwahusu. Wala mimi hainihusu. Haya, Wabrazili, Waturuki, wote, nendeni mbele mkakae kwenye madawati. Mna saa tatu."

Wakapita katikati ya wazazi wao waliosimama kama nguzo. Mama mmoja machozi yalikuwa yanamshuka na hakuweza kuyafuta. Watoto wakakaa, wakashika penseli. Mfini akawasimamia, na nawahakikishia hakuna aliyegeuza shingo. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mtajaji, niliruhusiwa kusogea. Nilikwenda kwa Mheshimiwa. Jasho lilikuwa linamtiririka, na inzi ametua kwenye pua yake.

"Mheshimiwa," nikamwambia kwa adabu zote, "ukichoka niambie."

Hakuniambia kitu. Ni mtii wa sheria sana.

Saa tatu zilipokwisha, Sihaba alikusanya karatasi, akaniletea. "Tumemaliza, baba." Nikatoa muhuri mfukoni, nikagonga karatasi zote arobaini na nne, moja moja, bila haraka. IMETHIBITISHWA. Nikazitia kwenye bahasha, nikaigonga na bahasha. Kisha nikamtazama kila mkubwa usoni, kwa zamu, kwa kuwa sitapata nafasi nyingine, nikasema: "Kaeni."

*

Waliniketisha kizimbani pale pale, kabla Mheshimiwa hajamaliza kusuguliwa mguu. Kulitaja jina bila kibali, adhabu yake ni kuvuliwa uraia. Nilikiri. Karani akauliza aandike nani sasa, maana fomu haikubali nafasi tupu. Mwalimu Tindwa akanisogezea kikapu chake. Ilikuwa imebaki kadi moja, na muhuri ulikuwa wangu mwenyewe, umenyooka vizuri. Ndivyo nilivyokuwa Mperu.

Mtihani walijaribu kuufuta wakashindwa, kwani ulikuwa umegongwa na mshika muhuri halali wakati akiwa bado raia. Mwalimu Tindwa walijaribu kumfukuza wakashindwa vilevile, kwa kuwa Mfini haajiriwi kwetu, na asiyeajiriwa hafukuzwi. Bado anafundisha. Watoto walipakiwa kwenye basi kurejeshwa kwao, mafuta yakaisha sokoni, wakashuka wakatembea mpaka nyumbani, na jioni redio ikatangaza kwamba wote wamefika salama makwao.

Matokeo yalipotoka, shule yetu ilikuwa ya kwanza nchini. Watoto arobaini na wanne walikuwa wamejibu swali la arobaini, na hakuna mtoto mwingine nchi nzima aliyeligusa. Kwanza kabisa katika taifa alikuwa Sihaba Ngoloke.

Barua yake ya kwenda sekondari ilikuja kwanza, imegongwa muhuri. Niliibusu ile barua, nikaificha chini ya godoro. Wiki iliyofuata ndipo wakaja wao: bendi ya matarumbeta, redio ya taifa, na Mheshimiwa Kamishna na fimbo mpya ya kutembelea. Walimwita Sihaba jukwaani. Walimwita binti yetu. Walimwita tunda la mfumo wetu wa elimu na ushahidi wa jitihada za Wizara. Walikuwa wamemletea kibali chenye maandishi ya dhahabu, cha siku hiyo moja, alitaje jina la nchi mbele ya vipaza sauti.

Mimi nilikuwa nje, dirishani, nimekaa juu ya ndoo. Wageni hawaketi na raia. Nilikuwa na machungwa mawili.

Mheshimiwa alikuwa amelifanyia mazoezi swali lake kwa Kiingereza. Akaegemea fimbo pale kitini, akamtolea Sihaba tabasamu, akamwuliza anatoka wapi. Ukumbi mzima ukakaza magoti, tayari kusimama.

Sihaba alikitazama kile kibali. Kisha akatazama dirishani, akaniona na chungwa langu. Akanyoosha mgongo kama alivyofundishwa, akajibu kwa Kiingereza safi, sentensi mbili, nchi nzima ikisikiliza.

Natoka Norwei. Mimi ni Mnorwei.

Mheshimiwa alikuwa ameshanyanyuka nusu kutoka kitini. Kukaa hakuthubutu, kusimama hakuwa na sababu, akabaki hapo hapo katikati, mguu unamtetemeka. Mimi nikamenya chungwa la pili.